Nilichokiona nikiwa nimefunga: ni ufunuo au ni njaa?

Swali

Shikamoo Mwalimu. Mimi ni binti wa miaka 27, naishi na kufanya kazi Mwanza. Kanisa letu lilitangaza mfungo wa siku 21. Siku 18 za mwanzo tulikuwa tunafungua jioni kwa uji na matunda. Tatu za mwisho zilikuwa kavu, hata maji hatukunywa, na usiku tulikesha kanisani. Alfajiri ya siku ya mwisho niliona mambo mawili kwa uwazi ambao sijawahi kuupata. La kwanza, kwamba kwa miaka namtumia mama hela ili nisilazimike kuzungumza naye. La pili, kwamba baba mdogo ndiye aliyezifunga njia zangu, za kazi na za ndoa. Yalikuja pamoja, kwa nguvu ileile, nikalia mpaka sauti ikakauka. Kaka yangu ni tabibu, anasema huo ni ubongo uliokosa sukari, nisahau yote. Wenzangu wa maombi wanasema ni ufunuo, nimkabili baba mdogo kwenye kikao cha ukoo mwezi ujao, na kabla ya hapo nifunge siku 40, saba za mwisho ziwe kavu, nipate uthibitisho. Je, mfungo humpa mtu utambuzi wa kweli, au ni mwili tu?

Jibu

Marahaba, mwanangu. Ombi moja kabla ya maelezo: hicho kikao cha ukoo kisiwe mahali pa kumtaja baba mdogo. Sababu nitakupa, na sitaki uzipokee kwa kuwa mimi ni mtu mzima. Zipime mwenyewe.

Nimefundisha saikolojia ya dini kwa miaka mingi, na ni Mwislamu ninayefunga Ramadhani, kwa hiyo swali lako silitazami kwa mbali. Naamini mfungo humpa mtu utambuzi wa kweli. Naamini pia kwamba mfungo huohuo huweza kumpa mtu uongo, na vyote viwili vikamjia na hisia ileile ya uhakika. Kaka yako na wenzako wanabishana, lakini kuna jambo wamekubaliana bila kujua, na mimi silikubali: wote wanauchukua usiku ule mzima mzima. Yeye anataka uutupe wote, wao wanataka uupokee wote. Wewe mwenyewe umeandika kwamba uliona mambo mawili. Basi yapimwe mawili, kila moja peke yake.

Tuanze na mwili, maana kaka yako ana hoja, ila ameigusa pasipo penyewe. Ubongo ni kama asilimia 2 tu ya uzito wa mwili lakini hutumia kama asilimia 20 ya nishati yote. Ukiacha kula, ini hutoa sukari ya akiba, na akiba hiyo huisha ndani ya siku moja hivi. Baada ya hapo ini huanza kugeuza mafuta kuwa ketoni, na ubongo huzitumia. Katika miaka ya 1960 daktari George Cahill na wenzake huko Boston waliwapima watu waliokaa wiki kadhaa bila chakula, wakakuta sehemu kubwa ya nishati ya ubongo ilikuwa inatoka kwenye ketoni. Kwa hiyo mtu mwenye afya akifunga, ubongo wake hauachwi patupu. Wengi baada ya siku ya pili au ya tatu husema njaa imepungua na kichwa ni chepesi. Zaidi ya hayo, wewe ulikuwa unafungua kila jioni. Katika siku zile 18 sukari haikuwa tatizo lako.

Tatizo ni zile tatu za mwisho: hakuna maji, hakuna usingizi. Mtu aliyekesha usiku mbili mfululizo huanza kuona vitu pembeni mwa jicho, kusikia akiitwa, kuunganisha mambo yasiyohusiana. Na liko jambo jingine ambalo tafiti za usingizi zimelionyesha, nalo linakuhusu sana. Kukosa usingizi huongeza tabia ya kudhani kwamba watu wanakukusudia mabaya. Mtu mzima, asiye na ugonjwa wowote wa akili, ukimnyima usingizi huanza kuhisi kwamba fulani ananichimba, fulani ananisema. Naomba ulishike hilo, tutalirudia.

Sasa, je, ikiwa tunaujua utaratibu wa mwilini, jambo limekwisha? Mwanafalsafa Bertrand Russell aliona hivyo. Mwaka 1935 aliandika kwamba kwa macho ya sayansi hakuna tofauti kati ya mtu anayekula kidogo akaiona mbingu na mtu anayekunywa sana akaona nyoka, kwa sababu wote wawili miili yao haiko katika hali ya kawaida. Kaka yako anasema hilohilo kwa lugha ya zahanati. Ni hoja yenye nguvu, lakini ina tundu. Inadhani kwamba mwili ulioshiba na kulala ndio unaoona kila kitu sawasawa. Si kweli. Ulikuwa umeshiba na kulala vizuri kwa miaka yote uliyomkwepa mama yako, na hukuliona hilo.

Tena chanzo cha wazo hakitoshi kukuambia kama wazo lenyewe ni la kweli. Srinivasa Ramanujan, karani wa bandari ya Madras aliyekuwa na kipaji kisichoelezeka cha hesabu, alimwandikia G. H. Hardy wa Cambridge mwaka 1913 barua iliyojaa kanuni ambazo wataalamu hawakuwahi kuziona. Yeye alisema mungu wa kike wa familia yao, Namagiri, humletea kanuni ndotoni. Nyingi zilikuwa sahihi, za ajabu, na mpaka leo zinachimbwa. Lakini baadhi ya madai yake kuhusu namba tasa yalikuwa na makosa. Angalia vizuri: mtu mmoja, chanzo kimoja kwa maelezo yake mwenyewe, uhakika uleule moyoni, na bado nyingine zilisimama na nyingine zikaanguka. Zilizosimama zilisimama kwa sababu kuna mtu alikaa mezani akazithibitisha hatua kwa hatua.

Nikirudi kwenye njaa yenyewe, lazima niwapinge wenzako pia, kwa sababu wanaongea kana kwamba njaa ni mlango, na ukikaa na njaa ndefu zaidi utaona mbali zaidi. Mwaka 1944 hadi 1945, katika Chuo Kikuu cha Minnesota, mtaalamu Ancel Keys aliwalaza na njaa vijana 36 waliojitolea, kwa muda wa miezi sita, wakila karibu nusu ya mahitaji yao, ili ijulikane namna ya kuwahudumia watu wa Ulaya waliokuwa wanakufa njaa kwa ajili ya vita. Vijana wale walikuwa wamekataa kushika silaha kwa ajili ya dhamiri zao, na wengi walitoka katika makanisa yanayopinga vita. Yaani hawakuwa watu wa mzaha katika imani. Njaa ikawafanya nini? Walinyong'onyea, wakawa wakali kwa mambo madogo, wakajitenga. Vichwa vyao vikajaa chakula: wakazungumzia chakula, wakakiota, wengine wakaanza kukusanya vitabu vya mapishi na kuvisoma kwa saa nyingi. Njaa peke yake humfunga mtu kwenye sufuria. Mama wa Turkana ambaye ukame umemmalizia mbuzi hapati ufunuo kwa kukosa chakula. Anapata kizunguzungu na uchungu wa kumwona mtoto akilia.

Basi kama si njaa, ni nini kinachofanya kazi ndani ya mfungo? Kwa maoni yangu ni kule kuacha kwa hiari, kwa muda maalumu, mbele ya Mungu. Qurani inapofaradhisha saumu, katika Sura ya pili aya ya 183, inataja lengo lake kuwa ni mtu apate kumcha Mungu. Haikutaja maono. Na iko Hadithi isemayo kwamba huenda mfungaji asipate katika saumu yake ila njaa na kiu. Mtu aliyefunga anagundua kwamba mkono wake unakwenda kwenye chupa ya maji bila yeye kuamua. Anagundua kwamba saa kumi jioni hasira inampanda kwa swali dogo la mtoto. Anagundua ni mara ngapi anafungua simu kwa sababu tu hana cha kutafuna. Ukizima redio nyumbani utasikia bomba linalovuja. Lilikuwa linavuja siku zote. Lakini kuzima redio yako hakukufanyi usikie yanayosemwa nyumba ya jirani.

Hapo ndipo ulipo msimamo wangu wote. Mfungo una uwezo mkubwa wa kukuonyesha wewe mwenyewe: unachokitegemea, unachokikwepa, unachojidanganya nacho. Sijaona sababu ya kuamini kwamba una uwezo wa kukupa habari za matendo ya mtu mwingine ambaye yuko kilomita nyingi kutoka hapo ulipo.

Unaweza kuniuliza: mbona nilikuwa na uhakika kiasi kile? Uhakika ni hisia, mwanangu, kama woga au furaha, nayo huja wakati mwingine pamoja na ukweli na wakati mwingine bila ukweli. William James, mwanasaikolojia wa Marekani ambaye aliwaheshimu watu wa dini kuliko wanasayansi wengi wa zama zake, aliwahi kuvuta gesi ya kupunguza maumivu ambayo madaktari wa meno huitumia, akaandika juu yake mwaka 1882. Chini ya gesi ile alihisi anaiona mantiki ya ulimwengu mzima, akawa anaandika karatasi baada ya karatasi. Alipozisoma baadaye akili ikiwa imetulia, alikuta maneno yasiyo na maana. Hisia ya kwamba nimejua ilikuwa kamili, na kilichojulikana hakikuwepo.

Mwaka 2020 watafiti wakiongozwa na Ruben Laukkonen walilipima jambo hili kwa njia nyepesi. Waliwapa watu sentensi zenye madai mbalimbali, mengine ya kweli na mengine ya uongo, lakini neno moja katika sentensi limevurugwa herufi zake, mtu alipange kwanza. Waliolipanga wakapata ile nafuu ya ghafla ya "kumbe!" waliyaona madai yenyewe kuwa ya kweli zaidi, hata yale ya uongo. Furaha ya kufumbua herufi ilimwagikia kwenye dai lisilohusika nayo. Sisemi hisia hiyo haina kazi. Utafiti mwingine wa mwaka 2016, ulioongozwa na Carola Salvi, ulikuta kwamba kwenye mafumbo ya chemsha bongo, majibu yanayokuja ghafla huwa sahihi mara nyingi kuliko yale ya kutafuta hatua kwa hatua. Lakini fumbo lina jibu linaloweza kukaguliwa papo hapo. Na ndiyo maana nafikiri lile la mama liliibeba lile la baba mdogo. Uliona jambo moja la kweli, la kuumiza, likakufungua machozi, na la pili likapita katika mlango huohuo likiwa limebeba machozi hayohayo.

Nije kwenye Maandiko yako, maana naona wenzako wanayanukuu nusu. Katika Matendo ya Mitume sura ya 10, Petro yuko Yafa, amepanda darini kusali, yapata saa sita mchana. Mwandishi hafichi kitu: Petro ameshikwa na njaa, anataka kula, na chakula kinaandaliwa. Hapohapo anazimia roho, anaona kitambaa kikubwa kikishushwa kutoka mbinguni, ndani yake wanyama wa kila aina, na sauti inamwambia achinje ale. Mtu mwenye njaa anaona chakula! Kaka yako angecheka, na kwa kipimo cha Russell jambo limekwisha pale. Lakini fuatilia anachofanya Petro. Kwanza anabisha. Maono yanarudi mara tatu. Halafu, na hili ndilo wenzako hulipita, imeandikwa kwamba alibaki akiona shaka moyoni mwake kuhusu maana ya aliyoyaona. Hakuruka kutoka darini na kwenda kumshitaki mtu. Wakaja mlangoni watu wa Kornelio, akida wa Kirumi asiye Myahudi, akaenda nao, na hakwenda peke yake: alichukua ndugu sita. Akafika, akasikiliza kwanza upande wa Kornelio. Aliporudi Yerusalemu akalaumiwa na wenzake, akakaa akaeleza kwa taratibu tangu mwanzo, na wale sita wakiwa mashahidi.

Na maana aliyoipata je? Hakusema Mungu amenionyesha kwamba fulani ni adui. Alisema ameonyeshwa asimwite mtu awaye yote mchafu wala najisi. Ufunuo ulimvunjia Petro chuki yake mwenyewe. Ulimgharimu yeye. Nimeyasoma masimulizi mengi ya maono katika dini mbalimbali, na mwelekeo huo naupa uzito mkubwa kuliko mwanga, sauti au machozi.

Wakristo wa kale walilijua hili kwa kuumia. Mtawa Yohane Kasiano, aliyeandika mwanzoni mwa karne ya 5, anasimulia habari za mzee Heron wa jangwa la Misri, aliyekaa jangwani miaka 50, mkali wa kufunga kiasi kwamba hata siku ya Pasaka hakukubali kula pamoja na wenzake. Akatokewa na shetani katika sura ya malaika, akaambiwa kwamba kwa ubora wake hataumia, akajitupa kisimani. Walimtoa akiwa mahututi, akafa siku ya tatu, na mpaka mwisho hakukubali kwamba alidanganywa. Fundisho la wazee wale lilikuwa kwamba kufunga bila kupambanua, na bila kukubali kuulizwa na wengine, ni hatari kuliko kutofunga.

Anayenivutia zaidi ni Ignatius wa Loyola, mwanzilishi wa shirika la Wajesuiti, kwa sababu aliyapitia mwenyewe akabaki hai kuyaeleza. Mwaka 1522 alikuwa Manresa, Hispania, akijinyima vikali: chakula kidogo, usingizi kidogo, sala saa nyingi. Wakati mmoja alifunga wiki nzima bila kuonja kitu, mpaka padri wake wa kitubio akamwamuru ale. Katika kipindi hicho alijaribiwa hata kujiua. Mara nyingi alikiona kitu kizuri mno hewani, chenye umbo kama la nyoka, kimejaa vitu vinavyong'aa kama macho, na kila alipokiona alipata faraja, kikitoweka alisikitika. Baadaye alipambanua kwamba kilikuwa kinatoka kwa yule mwovu, faraja yake na yote. Lakini huko huko Manresa, akiwa amekaa kando ya mto Cardoner, alipata mwanga wa kuelewa mambo ambao aliuheshimu mpaka kufa. Yaani sehemu moja, mwili mmoja, kipindi kimoja, na yeye mwenyewe akakataa kimoja akapokea kingine. Kuna tukio dogo nalipenda zaidi ya hayo yote. Ilikuwa kila akienda kulala usiku, faraja kubwa za kiroho zinamjia na kumla usingizi. Akajiuliza: muda wa sala ninao mchana kutwa, mbona haya yanakuja kwenye muda niliojiwekea wa kulala? Akaamua kuziacha hizo faraja, akalala. Miaka mingi baadaye, mwaka 1548, alimwandikia mtukufu mmoja wa Hispania, Francis Borgia, kumsihi apunguze kufunga na kuutunza mwili.

Kwetu mambo ni hayohayo. Imamu Ghazali, aliyeiacha kazi ya ualimu mkubwa Baghdad mwaka 1095 akaenda kujitenga, aliandika kwa kirefu faida za njaa kwa moyo, lakini alipofika kwenye kipimo alisema cha kutafuta ni hali ya kati: tumbo lisiwe zito, wala njaa isiume. Mtume (rehema na amani zimshukie) aliwakataza masahaba kuunganisha saumu usiku na mchana. Na kuna Hadithi ya Salman aliyemtembelea ndugu yake Abu Dardaa, akamkuta mke wake amejiacha, hajali hata mavazi, kwa sababu mumewe hana haja na dunia: mchana kafunga, usiku anasali. Salman alikataa kula mpaka Abu Dardaa avunje funga ale naye, na usiku kila alipotaka kuinuka alimwambia lala. Kisha akamwambia kwamba Mola wake ana haki kwake, nafsi yake ina haki, na mke wake ana haki. Mtume alipoelezwa alisema Salman kasema kweli. Fikiri: mtu amefunga na kukesha kiasi kile, na hakumwona mkewe. Mgeni ndiye aliyemwona.

Sasa tupime. Jambo la mama lipime leo, ukiwa umekula na kulala. Fungua simu, pitia ujumbe wa miamala uliyomtumia tangu mwaka uanze. Halafu fungua orodha ya simu ulizompigia, tazama kila moja ilichukua dakika ngapi. Kama ulichokiona ni kweli, kitakuwa pale, kimeandikwa kwa tarehe na saa. Naamini utakikuta, kwa sababu jambo hilo linakuhusu wewe, ushahidi wake ulikuwa nao tayari, na linakutaka ubadilike wewe. Hilo ni la kweli hata kama lilikujia ukiwa na kiu, na hata kama kaka yako ana maelezo ya ketoni. Usilitupe pamoja na mengine.

Jambo la baba mdogo lina sura nyingine kabisa. Ulionyeshwa nini hasa? Hukuonyeshwa tukio, tarehe, wala mtu aliyeshuhudia. Ulipewa jina tu. Jiulize jina hilo ulilisikia kwa mara ya kwanza lini likihusishwa na mambo yako. Kama ni utotoni, kwenye ugomvi wa shamba au mazungumzo ya jikoni, basi lilikuwa kichwani mwako miaka mingi kabla ya mkesha. Kumbuka pia mahubiri ya usiku zile yalihusu nini. Kama mlikuwa mnaombea kuvunja madhabahu za ukoo na laana za ukoo, kila aliyekuwepo alikuwa ameelekezwa kumtafuta adui ndani ya ukoo, na akili iliyokosa usingizi siku tatu, ambayo tayari inaelekea kuwadhania watu mabaya, haikosi wa kumpata. Ukweli unaokuhitaji wewe uwe msafi na mwingine awe mwovu usiupokee kwa ushahidi wa machozi.

Nasema kwa ukali kidogo hapa kwa sababu unaishi Mwanza. Unajua yaliyowapata vikongwe wa Usukumani waliotajwa kuwa wachawi, wengine wakakatwa mapanga, kwa sababu macho yao yalikuwa mekundu. Macho yale yalikuwa mekundu kwa moshi wa kuni na wa samadi waliopikia maisha yao yote. Kila mmoja wao alitajwa na mtu aliyekuwa na uhakika. Sheria ya Uchawi ya Tanzania inafanya kumtuhumu mtu uchawi kuwa kosa, na haikutungwa bure. Kwenye kikao cha ukoo neno likishatoka halirudi, na utakayemtaja anaweza kupoteza nyumba au uhai mikononi mwa vijana ambao hawakuwa kwenye mkesha wenu. Biblia yako inataka mashahidi wawili au watatu ili neno lithibitike, na inasema zijaribuni hizo roho. Hakuna anayekudharau imani akikuomba ufanye kinachoagizwa na imani yenyewe. Kama kuna jambo la kawaida kati yenu, deni, mpaka wa shamba, maneno aliyosema ukaumia, muulize kuhusu hilo, kwa adabu, akiwa na mtu mzima mnayemheshimu wote wawili.

Kuhusu siku 40 za kutafuta uthibitisho: usizifunge kwa nia hiyo. Uthibitisho utaupata, nami nakuambia mapema. Mtu anayejinyima ili aone jina ambalo tayari analo moyoni ataliona, na litakuja na nguvu kubwa kuliko mara ya kwanza. Aprili 2023 katika msitu wa Shakahola, kaunti ya Kilifi, Kenya, zilianza kufukuliwa maiti za watu waliofundishwa kufunga mpaka wamwone Yesu. Miili ilizidi 400, na watoto wakiwemo. Wapo waliokufa njaa, na wapo ambao uchunguzi ulionyesha walinyongwa. Uhakika ulikuwepo tele mahali pale. Kilichokosekana ni Salman, mtu wa kusema sili mpaka ule.

Ukitaka kufunga kwa ajili ya toba na ukaribu na Mungu, funga. Lakini kunywa maji. Siku saba kavu zinaweza kuua, na katika joto figo huweza kuharibika mapema sana kabla ya hapo. Lala usiku, mikesha iwe michache. Kabla hujaanza, andika kwenye daftari mambo unayoyashuku tayari na majina ya watu unaowashuku, ili baadaye ujue kipi kilikuja kipya na kipi ulikwenda nacho. Linalokujia usiku liandike, usilitamke mbele ya watu, lisome wiki moja baada ya kufungua, ukiwa unakula na kulala kama kawaida. Ukianza kukaa siku bila usingizi na bila kuuhitaji, mawazo yakikimbia, au sauti zikikuamuru, hiyo si daraja ya kiroho: vunja mfungo uende hospitali. Mwenye kisukari, mjamzito, anayenyonyesha, au anayetumia dawa za akili, hasa lithiamu ambayo hupanda hadi kiwango cha hatari mwilini maji yakipungua, asifunge bila daktari.

Na kama itatokea ukapitisha siku tano au zaidi bila chakula kabisa, usifungue kwa pilau wala ugali. Wanga mwingi wa ghafla huvuta fosfati na potasiamu kutoka kwenye damu kuingia ndani ya seli, na moyo unaweza kusimama. Wafungwa wengi waliokombolewa baada ya Vita vya Pili vya Dunia walikufa baada ya kulishwa, si kabla. Hapo inatakiwa chakula kidogo kidogo chini ya uangalizi wa hospitali. Mpe kaka yako ratiba yote ya mfungo aipitie kabla hujaanza, na akikuambia kata siku hii au ongeza maji hapa, mfuate. Hiyo ni kazi anayoiweza kuliko mimi na kuliko wenzako wa maombi.